Mama Upawa Anakataa Kula

Tusidanganyane: Mama Upawa hakuwa mtu mwema. Wapo watu ambao wakipatwa na maradhi, majirani hukaa kibarazani wakataja mema yao, na mema yakipungua hutungiwa. Yeye hata wa kumtungia alikosekana. Miaka yote ya utu uzima wake alisimama nyuma ya sufuria katika kantini ya kiwanda cha magunia, upawa mkononi, na mkono huo ndio ulioamua nani apate nyama na nani apate mchuzi ambao nyama ilipita tu ikasalimia. Ukimsalimia vizuri, unakula. Ukimkunjia uso, maharage yako yanakuwa maji. Na ukithubutu kulalamika, alikuwa na neno moja tu la kukujibu: "Toka!" Alilitoa kifuani, likasikika mpaka kwenye mashine, na mwanamume mzima mwenye ndevu na watoto nyumbani akageuka na sahani yake akaenda kukaa.

Kisha kiharusi kikamshika asubuhi moja akiwa anavaa kwenda kazini. Alianguka kati ya kitanda na kabati, na alipopata fahamu hospitali mkono wa kulia ulikuwa umekufa, mguu wa kulia haumtii, mdomo umevutwa upande, na maneno yote aliyokuwa nayo, na alikuwa nayo mengi, yamefutika. Likabaki moja. Akitaka maji, "Toka." Akitaka kugeuzwa ubavu, "Toka." Binti yake aliyeolewa mbali alipiga simu, mama akawekewa sikioni, naye akasema, "Toka, toka, toka," machozi yakimwagika, binti akadhani anafukuzwa hata kwenye simu. Majirani walicheka wakashika mbavu. "Mungu fundi jamani," walisema. "Kamwachia lile lile." Walipomaliza kucheka wakaenda zao, na wengi wao hawakurudi tena kumtazama.

Mumewe alikuwa fundi viatu, na watu walimwita Gundi. Ni mtu mfupi, mpole, mwenye vidole vyeusi vya rangi ya viatu ambavyo havikuwahi kutakata hata siku ya harusi yake. Mke akifoka, yeye alisema, "Ndiyo, mke wangu." Mke akizidisha, yeye alichukua kiatu kingine. Mtaa mzima ulimwonea huruma. Kimya kingi kina mshindo mkuu, ndivyo wasemavyo, lakini mshindo wa Gundi ulisubiriwa mpaka watu wakachoka, wakasema huyu hana hata cha kulipuka.

Nyumba ilikuwa na vyumba viwili, na kile cha nyuma mlango wake mwembamba, kitanda cha hospitali walichoazimwa hakikupita. Kwa hiyo mgonjwa aliwekwa sebuleni, na sebule ndiyo ilikuwa karakana. Upande mmoja kitanda. Upande wa pili meza ya Gundi, kigoda chake, makopo ya gundi, nyundo, koleo, rundo la viatu vilivyofungwa viwili viwili kwa kamba. Mlango ulikuwa wazi kutwa kwa ajili ya wateja. Mama Upawa, aliyekuwa na pua ya kujua chumvi imepungua kwenye sufuria kabla hajaonja, akawa analala akinusa gundi na soksi za watu.

Wa kumuuguza alikuja dada mkubwa wa Gundi, wifi yake. Mawifi hawa walikuwa hawajaivana tangu siku ya kwanza. Walisalimiana kwa misiba na sherehe tu, na hata hapo kwa meno ya mbele. Lakini damu ni damu, wifi alikuja kumsaidia kaka yake. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye haraka, mikono yake iliosha sufuria na kuosha mtu kwa nguvu zile zile. Hospitali walimwelekeza: upande wa kulia umekufa, usiweke chakula huko, kitamdondoka au kitampalia. Weka kushoto. Na wifi, kwa yote mtakayomsemea, alikuwa mwaminifu wa maagizo. Kijiko kilikwenda kushoto.

Mwanzoni alikula vizuri. Kisha, huko huko kushoto, nyuma, chini, jino likavunjika. Kwanza alihisi kama chembe ya mchanga. Kisha kama msumari. Kisha ukaingia moto ambao haukuwa na kupoa, ukapanda sikioni, ukashuka shingoni, na kila kijiko cha uji wa moto kilichoingia kwa uaminifu upande wa kushoto kilitua juu ya jino lile. Angekuwa mtu mwingine shavu lingeonekana limevimba. Yeye uso wake ulikuwa umeshakwenda upande, na nani anapima uvimbe kwenye uso uliopinda? Kwa hiyo akafanya lile pekee aliloweza. Akafunga mdomo.

"Anakataa kula," wifi akasema.

Mama Upawa akainua mkono wa kushoto, mmoja uliobaki, akaweka kiganja shavuni akabonyeza penye maumivu. Hapa, jamani. Hapa. Sasa hebu niambieni, nani kati yetu akimwona mwanamke mgonjwa kalala kaweka kiganja shavuni atawaza meno? Ameshika tama. Anawaza, anahuzunika, anajiitia mabaya. Wifi akaupiga ule mkono, paa!

"Usishike tama! Nyumba hii haijakosa balaa mpaka uite jingine. Mkono chini!"

"Toka," alisema Mama Upawa, akimaanisha nitazame.

"Natoka, ndiyo. Na uji natoka nao."

Ukawa ndio mchezo wa kila siku. Kijiko, mdomo kufungwa, kiganja shavuni, kofi, uji jikoni. Kilichobaki moyoni mwa Mama Upawa kilikuwa kitu kimoja, na hakikuwa kupona wala kutembea wala kurudi kantini. Alitaka mtu amfungue mdomo atazame ndani. Basi. Mtu mmoja, mwenye macho mawili, kwa muda wa kupenga kamasi.

Na hapa lazima niseme la mama mkwe, maana mtaa mzima unalisema na mimi si bora kuliko mtaa. Mama yake Gundi alivunjika nyonga, akaletwa akae kwa mwanawe, na akafia katika nyumba hiyo hiyo. Aliyemlisha alikuwa Mama Upawa. Alirudi kutoka kantini miguu imevimba, amechoka na nyuso za watu wenye njaa, akamkuta bibi kizee amelala anageuza uso ukutani. "Nalisha kiwanda kizima," alimwambia, "na wewe nikuimbie?" Aliweka bakuli kwenye kigoda. Akafunga nywele, akavua viatu, akarudi akalichukua. "Akishikwa na njaa atakula." Na bibi kizee naye alikuwa na tabia ya kuweka kiganja shavuni, na Mama Upawa naye alikuwa na mkono wa kuupiga. "Usinishikie tama kwangu! Hapa hakuna maiti." Maiti ikaja kupatikana. Msibani Mama Upawa alipika mwenyewe, akagawa mwenyewe, na aliyeuliza habari za marehemu aliambiwa ni uzee.

Je, alikumbuka hayo alipokuwa amelala na moto mdomoni? Alikumbuka. Mawazo yalimjia na yeye akayafukuza kama alivyofukuza watu kantini. Yule alikuwa mzee. Yule alikuwa anadeka. Mimi naumwa kweli. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu, na Mama Upawa hakuwa wa kwanza kujua hivyo akiwa tayari kachomwa.

Sasa katika nyumba hiyo kulikuwa na mgonjwa wa pili.

Chini ya meza ya Gundi, ndani ya kreti lililotandikwa majani makavu, aliishi simbilisi. Mteja mmoja aliyekuwa akihama alimwacha hapo na jozi ya viatu vya kubadilishwa soli, akasema anarudi kuvichukua vyote pamoja, na hakuonekana tena. Kama hujawahi kumwona simbilisi, ni mnyama wa kukaa kwenye kiatu cha mwanamume, mnene, hana mkia, huyu manyoya yake ya kahawia na meupe, na akisikia mtu anachambua mboga hupiga kelele kama mlango usiotiwa mafuta. Mama Upawa, enzi za afya yake, alimwita panya aliyekatwa, akataka atupwe. Hilo ndilo jambo pekee ambalo Gundi hakusema "ndiyo, mke wangu." Alimsogeza simbilisi ndani zaidi chini ya meza.

Basi siku moja simbilisi hakupiga kelele mboga zilipochambuliwa. Gundi aliinama, akampa karoti. Simbilisi akainusa, akaishika kwa meno, ikamdondoka. Akampa jani. Likamdondoka. Na Gundi, mtu ambaye mkewe alikuwa akikataa kijiko hatua tatu kutoka kigoda chake na yeye hajainua kichwa, akaacha nyundo. Akaacha kiatu cha mteja kikiwa wazi kimejaa misumari. Akatoka mbio, na aproni yake, kwenda kumwita daktari wa mifugo.

Daktari alikuwa mwanamke kijana, mwenye viatu vya mpira vilivyojaa matope ya zizi, na alikuja akicheka kwa kuwa hajawahi kuitwa kwa mnyama anayeingia mfukoni. Lakini alipokaa aliacha kucheka. Alimshika simbilisi, akambinya tumbo taratibu, akamtazama manyoya ya kidevuni, yalikuwa yamelowa mate.

"Lini ameacha kula?"

"Leo. Labda na jana jioni," alisema Gundi.

"Wengi hudhani ana kiburi au amechukia chakula. Mnyama akikataa kula, mzee, wa kwanza kuulizwa ni mdomo." Akatoa tochi ndogo. "Mshike. Mfunge na taulo, miguu yote ndani. Hivyo." Akampanua taya kwa kijichuma, akamulika. "Unaona? Jino la nyuma limeota pembeni, linaukata ulimi. Huyu hakatai. Anataka, hawezi."

Kitandani, moyo wa Mama Upawa uliruka. Niseme kwa maneno gani? Miezi mingi hakuna mtu aliyesema jambo la kweli juu yake, na sasa limesemwa, neno kwa neno, ila limesemewa panya aliyekatwa. Hakujali. Hata lingesemewa jiwe. Akainua kiganja, akakibonyeza shavuni, akapanua mdomo kadiri ulivyopanuka, akamkazia daktari macho, akamwita kwa sauti yote aliyokuwa nayo.

"Toka! Toka! Toka!"

Daktari akashtuka, tochi nusura imponyoke.

"Lo, msamehe, binti yangu," wifi akaja mbio kutoka jikoni akijifuta mikono. "Ndilo neno lake hilo, hana jingine. Na wewe! Mgeni anafukuzwa hivyo? Na tama umeshika! Mkono chini!" Paa.

"Pole mama," alisema daktari, na alikuwa na huruma ya kweli, tusimpunje. "Anakula lakini?"

"Hali," alisema wifi. "Kiburi tu. Alikuwa na kiburi mzima, sembuse mgonjwa."

Daktari akamtazama Mama Upawa, akatazama ule mkono ulioshushwa ukipanda tena. Akainuka nusu. "Mmemwonyesha hospitali, huku kutokula?"

"Wamemwona," alisema Gundi, bila kugeuka. Alikuwa bado amemkumbatia simbilisi kwenye taulo. "Wamesema ndivyo hali ilivyo. Daktari, huyu anatetemeka."

Daktari akakaa tena. Hospitali hakuna aliyewahi kwenda kuuliza neno kama hilo. Mama Upawa alijua. Alimtazama mumewe mgongo, akadhani amechanganya, kwamba mwanamume huyu hajawahi kujua kilichosemwa na nani tangu amwoe.

Jino la simbilisi lilipunguzwa kwa kijitupa, pale pale mezani kati ya makopo ya gundi. Kisha daktari akampa Gundi maagizo. Ulimi una kidonda, hatakula mwenyewe mpaka upoe, na mnyama huyu tumbo lake halitakiwi kukaa tupu, likisimama, amekufa. Saga chakula chake kikavu, loweka kwa maji ya vuguvugu kiwe laini. Vuta kwa bomba la sindano, bila sindano yenyewe. Ingiza pembeni, nyuma ya meno ya mbele, pale penye pengo. Tone. Subiri atafune. Tone tena. Usimlaze chali, kitamwingia mapafuni. Usimharakishe.

"Nitaweza?" aliuliza Gundi.

"Kama una subira, utaweza."

"Subira ninayo," alisema Gundi.

Na alikuwa nayo, jamani. Wateja walisimama mlangoni na viatu mkononi wakangoja. Gundi aliketi na taulo mapajani, kichwa kidogo cha kahawia kimetokeza, na vidole vile vyeusi, ambavyo Mama Upawa alikuwa amelala navyo maisha yake yote asijue vinaweza nini, vikamshika simbilisi taya kwa chini, polepole, vikatia tone. "Kula mama," alisema. "Kidogo tu, mama. Haya, hilo limekwenda. Si umeona? Bado moja, mama yangu." Simbilisi alitema, akamfuta. Alikaza meno, akangoja. Alimlowanisha shati, akacheka. Mara nne, mara tano kwa siku, na alfajiri tena kabla ya mtu kuamka. Alimpima kwa kumweka kwenye kiganja. Alichunguza hata choo chake majanini, akakishangilia kikipatikana.

Mama Upawa alitazama yote hayo akiwa na njaa. Njaa si neno la kuchezea. Yeye aliijua kwa nyuso za wengine, ile foleni iliyomnyenyekea, na sasa aliijua kwa mifupa. Aliweza kunywa maji ya baridi kwa kuyapitisha upande uliokufa, nusu yakimwagika shingoni. Uji ulipopoa kabisa alipata vijiko viwili vitatu. Lakini wifi hakuwa mtu wa uji wa baridi. Uji wa baridi ni wa mbwa, alisema, na mgonjwa hupewa moto.

Alimchukia simbilisi. Alimwonea wivu, mwanamke mzima, mama wa mtu, aliyekuwa akitisha kiwanda. Alitamani afe tumbo lisimame. Na wakati huo huo alimtegemea. Maana aliwaza: mwanamume huyu ameona kwa macho yake. Amemulika mdomo, ameliona jino, ameambiwa hakatai, hawezi. Si mjinga. Leo au kesho atanitazama mimi, ataona mkono wangu uko wapi, na mambo mawili yatakutana kichwani mwake. Kila Gundi alipoinuka na ile tochi, aliyoinunua sasa ya kwake ili kukitazama kidonda cha ulimi, Mama Upawa alipanua mdomo akangoja. Gundi alipita. Alikwenda kutupa majani machafu, akarudi, akapita tena.

Siku moja alishindwa kuvumilia. Wifi alipoleta kijiko alilipiga bakuli kwa mkono wa kushoto kwa nguvu zote. Uji ukaruka, ukaingia ndani ya kiatu cha mteja, kiatu cheupe cha bibi harusi, uji mpaka kwenye ncha.

Wifi alisimama akitazama kiatu. Alikuwa amechoka na yeye, mgongo unamuuma, wajukuu zake kawaacha kwa jirani. "Basi," alisema. "Sikuletei tena mpaka uombe. Akishikwa na njaa atakula."

Mama Upawa aliyatambua maneno yale kama mtu anavyotambua nguo yake mwilini mwa mwingine. Wifi aliyasikia wapi? Pengine humu humu, siku aliyokuja kumtazama mama yake mzazi, akasimama mlangoni asikaribishwe kuketi. Kwa mara ya kwanza alipojaribu kuufukuza uso wa yule bibi kizee, haukutoka. Uligeukia ukutani, kiganja kikiwa shavuni, kikibonyeza. Kumbe. Akasema moyoni mwake, kumbe na yule? Kisha maumivu yakapanda sikioni, hakuweza kuwaza la mwingine.

Gundi alikisafisha kile kiatu cha bibi harusi kwa kitambaa chenye maji.

Ikafika siku wifi alikwenda kuwatazama wajukuu zake, kulala na kurudi. Aliacha uji kwenye chupa ya chai. "Kamjaribu wewe," alimwambia kaka yake. "Mimi nimeshindwa." Jua lilikuwa limeingia mpaka katikati ya chumba, mtaa umetulia, mteja hakuna. Gundi aliinama kwenye kreti na bomba lake mkononi, akasita. Simbilisi alikuwa ameshika ganda la karoti. Akalitafuna. Likasikika, kraa, kraa, likaisha. Akatafuta jingine.

Gundi alikaa chini sakafuni akacheka. Alicheka mabega yakimtikisika, akajifuta macho kwa aproni. "Umekula, mama," alisema. "Umekula mwenyewe!" Akampa jani, likaliwa. Akamwachia yote yaliyokuwemo kwenye sahani, akainuka, akanawa mikono kwa sabuni akasugua mpaka chini ya kucha. Kisha akachukua tochi, akavuta kigoda mpaka kitandani, akaketi.

Mama Upawa alianza kulia kabla hajaguswa. Hatimaye. Alipanua mdomo mwenyewe. Gundi akaweka vidole chini ya taya yake, kwa taratibu ile ile, hakuna alipomuumiza, akageuza kichwa chake kidogo kwenye mto, akamulika kushoto, nyuma, chini. Alitazama kwa muda mrefu.

"Ndilo," alisema. "Limeoza mpaka kwenye mfupa. Lazima linauma sana."

Mama Upawa akatikisa kichwa, ndiyo, ndiyo, akamshika mkono wa shati kwa mkono wake mzima.

"Mama naye lilikuwa hilo hilo," alisema Gundi. "Dada aliliona walipokuwa wanamwosha. Upande mzima wa taya umekuwa mweusi, funza hawakuwa mbali. Aliniambia nje, karibu na pipa la maji. Kisha akalia, yakamwisha, akasahau, ndivyo alivyo. Hata sasa anadhani wewe una kiburi tu. Mimi sikusahau."

Alizima tochi. Sauti yake haikupanda; ilikuwa ile ile ya kumwambia mteja soli itakuwa tayari lini.

"Hili lako nimelijua tangu siku ya kwanza ulipoweka mkono shavuni. Nilimwona mama kwa macho yangu akifanya vile, na sikuuliza, nikasema mke wangu anajua kulisha watu. Basi uliposhika wewe nikajua. Nikataka nione kama mtu anaweza. Kukaa chumba kimoja na mtu, unajua anaumwa nini, unamwona anakauka, na unaendelea na kazi zako. Nilidhani nitashindwa. Nilidhani siku ya pili nitainuka." Alimtazama mkewe usoni, nadhani ndiyo mara ya kwanza kwa miaka mingi. "Si kazi, mke wangu. Ni rahisi kabisa."

Mama Upawa alifungua mdomo kusema, na mnajua alikuwa na nini cha kusema. Hata neno lile halikuja.

Gundi akamtoa vidole kwenye mkono wa shati, kimoja kimoja. Akamimina uji, ukafuka mvuke, akaliweka bakuli kwenye kigoda karibu na mto. Akarudi mezani. Akapiga misumari mitatu minne kwenye soli, akavuta kiatu cha pili. Kisha akarudi, akalichukua bakuli likiwa limejaa, akalipeleka jikoni.

Alipotoka huko alimkuta mteja mlangoni, mama mtu mzima na mwavuli wake, amefuata viatu. Mteja alivigeuza, akaisifu kazi, kisha akachungulia kitandani kwa adabu.

"Na mgonjwa anaendeleaje?"

"Tunashukuru," alisema Gundi. "Kula tu ndiyo hataki."

"Jamani." Yule mama akaingia hatua mbili, akainama juu ya kitanda, akautoa mkono wa Mama Upawa shavuni na kuulaza vizuri juu ya shuka. "Kula, dada yangu," alimwambia. "Mumeo anahangaika. Kula upate nguvu." Gundi alikuwa ameshavifunga viatu kwa kamba, akampa, akamsindikiza mpaka barabarani.